Ged Alikuwa Maji ya Kunde

Kila mara riwaya ya fantasia ikipelekwa kwenye televisheni, kuna sentensi moja ambayo haikosi kurudi: sisi tunataka tu wafuate kitabu. Mwaka 2022 iliimbwa mpaka ikachosha. House of the Dragon ilianza Agosti, Steve Toussaint akiigiza Corlys Velaryon, bwana wa bahari mwenye mali na meli. Siku chache baadaye ikaja The Rings of Power, na humo Ismael Cruz Córdova alikuwa Arondir, mmoja wa wale watu wa Tolkien wenye masikio yaliyochongoka. Watu weusi kwenye nchi za majoka? Eti haiko kitabuni.

Sawa. Basi tuzungumze kuhusu kitabu ambacho iko.

Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin alichapisha A Wizard of Earthsea kupitia Parnassus Press, kampuni ndogo ya Berkeley, California. Shujaa wake ni Ged, kijana mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont anayekuja kuwa mchawi mkuu (samahani, Kiswahili chetu kinamfanya asikike mbaya kuliko alivyo). Ged ni maji ya kunde, wa rangi inayoelekea wekundu. Rafiki yake wa dhati, Vetch, ni mweusi. Karibu visiwa vyote vya Earthsea vimejaa watu wa rangi hizo. Weupe wenye nywele za manjano wapo pia: ni Wakargi, wavamizi wanaotua Gont na mapanga mwanzoni kabisa mwa hadithi, na Ged, akiwa bado mtoto, anawapoteza kwa ukungu.

Ukitaka kujua hilo lilikuwa jambo zito kiasi gani, rudi nyuma miaka 3. Mwaka 1965 Nancy Larrick aliandika katika Saturday Review kwamba kati ya vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji wa Marekani kwa miaka mitatu, ni 349 tu vilivyokuwa na hata mtu mweusi mmoja. Hiyo ni asilimia 6.7, na hapo amehesabiwa hata yule anayepita nyuma ya picha. Le Guin alijua anaandikia soko gani, ndiyo maana alicheza kwa akili. Hakutangaza rangi ya Ged mlangoni. Aliiacha itokee polepole, msomaji mzungu akiwa ameshampenda huyu kijana mwenye kiburi, na kurudi nyuma ni aibu.

Wachapishaji waliofuata hawakuwa na aibu hiyo. Jalada baada ya jalada, Ged akapaushwa. Le Guin akilalamika, watu wa mauzo wanamwambia uso wa rangi kwenye jalada unaua biashara. Angalia vizuri mpangilio huo: maandishi yanasema kitu kimoja, picha inasema kingine, na mwenye pesa anachagua picha.

Halafu ikaja Desemba 2004. Sci Fi Channel ya Marekani ikarusha Earthsea. Ged alikuwa Shawn Ashmore, Mkanada mweupe ambaye wengi wanamjua kama kijana wa barafu kwenye X-Men. Danny Glover alipewa nafasi ya Ogion, mwalimu wake, na kati ya wanaume wakuu alikuwa peke yake mwenye rangi. Kichekesho ni kwamba Tenar, ambaye kitabuni ndiye mzungu kwa sababu ni Mkargi, aliigizwa na Kristin Kreuk, ambaye mama yake ni wa asili ya Kichina. Yaani waligeuza ramani juu chini. Ukiniuliza, hakuna aliyekaa akapanga njama. Nadhani kuna watu waliokaa na hawakuona kama kuna kitu cha kupanga, na hiyo kwangu ni mbaya zaidi.

Mwelekezi alikuwa ameshaeleza hadharani Le Guin alikusudia nini. Mwenyewe alikuwa hai, ana miaka 75, na kalamu anayo. Siku chache baada ya kipindi kurushwa aliandika kwenye jarida la Slate kwamba wameipaka Earthsea chokaa. Mkataba ulimpa cheo cha mshauri, na kumbe mshauri ni mtu ambaye si lazima aulizwe chochote. Alisema pia kwamba kutoona rangi ni anasa ya mzungu, kwa sababu wengine wote hawana nafasi ya kutoiona.

Walioumia hapo walikuwa na majina. Pam Noles, mwandishi Mwamerika mweusi, alitoa insha mwaka 2006 aliyoiita Shame, kuhusu kukua akitazama filamu za angani na baba ambaye hakuacha kuuliza watu weusi wako wapi. Earthsea ilikuwa jibu lake. Televisheni ikaja kumnyang'anya.

Sasa turudi 2022, na tuwe wakweli. Wavelaryon wa George R. R. Martin wameandikwa weupe wenye nywele za fedha, hilo halina ubishi. Lakini kufuata kitabu kungeiacha hadithi na kasoro. Siri kubwa ya House of the Dragon ni kwamba watoto wa Rhaenyra si wa mumewe, Laenor Velaryon. Laenor akiwa mweusi, kila mtu ikuluni anaona na kila mtu ananyamaza, na huo ukimya ndio tamthilia yenyewe. Kwa Tolkien mambo ni tofauti: nyayo-manyoya wake wanaoitwa Harfoots ameandika mwenyewe kwamba ngozi yao ni ya kahawia zaidi ya wenzao. Sir Lenny Henry alipoigiza mmoja wao bado watu walipiga kelele. Kitabu walikuwa nacho. Toussaint alitukanwa mtandaoni tangu jina lake litangazwe, na Septemba waigizaji wa The Rings of Power wakalazimika kutoa taarifa ya pamoja kuwatetea wenzao.

Kilichobadilika tangu 2004 ni nani yuko chumbani. Mei 2022, Leah Jeffries, msichana mweusi wa miaka 12, alipotukanwa kwa kupewa Annabeth wa Percy Jackson, ambaye kitabuni ana nywele za manjano, Rick Riordan aliwajibu mashabiki wake bila kupepesa: huo ni ubaguzi. Riordan ni mmoja wa watayarishaji wakuu. Le Guin alikuwa na insha tu.

Alifariki Januari 2018. Mwaka uliofuata A24 na mtayarishaji Jennifer Fox walitangaza kwamba wataleta Earthsea upya kwenye televisheni. Ukisubiri, anza na kile kitabu cha 1968. Na ukipata nakala yenye kijana mweupe kwenye jalada, funga jalada nyuma usome.