Mombasa hadi Nairobi ni Saa Tano, Lakini Saa Tano za Nani?

Wadau, hebu niwaulize. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni mbali kiasi gani?

Wa haraka ataniambia kilomita 480 hivi. Sawa. Lakini babu yangu hajawahi kunitajia kilomita. Kwake Nairobi ni "usiku mmoja": wapanda gari la moshi jioni pale stesheni ya mjini, walala, waamka ushavuka nyika. Mimi niliyepanda SGR kwenda chuo, kwangu ni saa tano hivi. Na kabla ya reli? Piga hesabu: ukitembea kilomita 20 kwa siku, ni siku 24, na hapo kuna nyika ya Taru isiyo na maji. Ndivyo walivyotembea wapagazi, na wafanyabiashara wa pembe kutoka Ukambani kama kina Kivoi.

Tena enzi hizo hakukuwa na mji wa Nairobi wa kuendea. Reli ilianzia hapa kwetu 1896. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na kama 2,500 walikufa, wengine wakiliwa na simba pale Tsavo 1898. Mwaka 1899 reli ikafika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita kwa maji yake baridi. Wakaweka kambi. Mwaka 1901 ikafika Kisumu.

Wazungu hawakuijenga kwa ajili yetu. Walikuwa waitaka Uganda. Lakini ile kambi ikakua mji, na baada ya miaka michache makao ya serikali yakatolewa Mombasa yakapelekwa huko. Yaani sisi ndio tuliotoa njia, halafu ofisi kubwa ikapita njia hiyo hiyo ikatuacha.

Sasa ruka hadi 2017. SGR yaja, yaanzia Miritini. Safari imekuwa fupi, siwezi kukataa. Lakini makontena nayo yakaanza kupanda treni kwenda bandari kavu ya Nairobi. 2019 serikali ilipotaka mizigo yote ya nje ipande reli, watu walitoka barabarani Mombasa. Si kwamba wachukia treni. Lori ndilo linalolisha Changamwe: dereva, tanboi, makanika, mama wa chakula, mwenye ghala.

Kwa hivyo mtu akiniambia "umbali umepungua", mimi nauliza: umepungua kwa nani?

Niwaambie yangu. Siku nakwenda chuo nilitoka Likoni alfajiri. Pale kivukoni maji ni kama mita 500 tu, lakini ile safari ya kutoka nyumbani hadi Miritini ndiyo iliyonichosha kuliko ile ya Nairobi. Mwaka 2024 madaraja ya Dongo Kundu yalifunguliwa, mwenye gari apita bila feri. Nimefurahi. Lakini asiye na gari?

Chuo sikukimaliza. Karo ilinishinda, nikarudi na treni ile ile, saa tano zile zile. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba kufika mahali na kubaki hapo ni mambo mawili.

Reli si mbaya. Ila kila njia mpya ikijengwa, tuulize mapema: yaleta nini, na yaondoka na nini?

Nanyi, wazee wenu walikuwa wakihesabu vipi safari ya Nairobi? Waulizeni wangali hai, kisha mniambie hapa.