Usawazikaji wa Lahaja

Usawazikaji wa lahaja hutokea pale wasemaji wa lahaja mbalimbali za lugha moja wanapoishi pamoja kwa muda mrefu, wakaacha polepole matamshi, maneno na miundo inayowatenga, na kubakiza ile inayotumiwa na wengi. Chanzo chake kikubwa ni uhamaji. Watu wakikaa mbalimbali, lahaja huachana. Wakikutana sokoni, shuleni na katika ndoa, hukaribiana.

Baadhi ya waandishi husema usawazishaji. Neno usawazikaji lafaa zaidi, kwa sababu ni jambo linalotukia bila mtu kulikusudia. Usanifishaji ni tofauti, kwani hukusudiwa. Kiswahili, kwa mfano, kilisanifishwa: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi, na kuanzia 1930 kamati maalumu ikasimamia tahajia, kamusi na vitabu. Lahaja zinaposawazika, hakuna kikao wala kamati.

Yamumbi, pembezoni mwa mji wa Eldoret nchini Kenya, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Nyanda za Uasin Gishu zinazouzunguka mji huo zilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walianza kufika 1908. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi yaligawanywa na kuuzwa, na familia za Wakikuyu kutoka Mkoa wa Kati zikaja kulima karibu na Wanandi, wenyeji wa eneo hilo. Waliotoka Kiambu, Murang'a na Nyeri hawakuwa wakitamka sawasawa. Herufi c ya Kikuyu husikika sh kwa wengine, ch kwa wengine, na wapo wanaoikaribia s. Neno cũcũ, yaani nyanya au bibi, ndilo lililowapa Wakenya wa makabila yote shosho, kwa matamshi ya sh. Katika makazi mapya, mtoto huyasikia matamshi ya bibi yake nyumbani na mengine kwa jirani, na mara nyingi hufuata ya watoto anaocheza nao. Mwanaisimu Peter Trudgill, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lahaja zinazokutana, aliwapa watoto nafasi kubwa: wazazi hurekebisha usemi wao kidogo tu, lakini wajukuu huweza kuzungumza lahaja moja iliyotulia.

Uhamaji peke yake hautoshi. Mwanaisimu Lesley Milroy, aliyechunguza mitaa ya Belfast na kuchapisha matokeo mwaka 1980, alionyesha kwamba watu wanaofahamiana wote kwa wote, walio majirani, ndugu na wafanyakazi wenza kwa wakati mmoja, huilinda lahaja yao. Mahusiano hayo yakilegea, mlango wa usawazikaji hufunguka. Ghasia za kikabila za 1992 na za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwafurusha watu wengi katika viunga vya Eldoret, na uwanja wa maonyesho wa mji ukageuka kambi. Mbali na uchungu wake, msiba wa aina hiyo hukata mahusiano yanayohifadhi usemi.

Utambulisho nao una nguvu. Jina Kalenjin, lenye maana ya "nakuambia", lilienea katika miaka ya 1940 kuwaunganisha Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Watugen na wenzao, na chama chenye jina hilo kilianzishwa Eldoret. Tangu 2005, redio ya Kass FM imezifikisha lahaja zao katika nyumba zile zile. Kinandi na Kikipsigis huelewana kwa urahisi. Kipokot kiko mbali zaidi, hivyo hakiwezi kusawazika nazo kwa kasi ile ile.

Uhamaji na utambulisho vilionekana pia Lithuania. Utawala wa Kisovieti uliwahamisha wakulima kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya mashamba ya pamoja, huku shule zikifundisha lugha sanifu iliyojengwa juu ya lahaja ya Aukštaitija magharibi. Wasemaji wa Žemaitija, eneo jingine la nchi hiyo, wanaojivunia asili yao, wameishikilia lahaja yao kwa nguvu zaidi.

Istilahi hii ina mpaka wake. Kijana wa Eldoret anayeacha Kikuyu au Kinandi akazungumza Kiswahili au Sheng, usemi wa vijana wa mijini, kila mahali hajasawazisha lahaja, amehama lugha. Usawazikaji huhitaji lugha yenyewe iendelee kusemwa.