Shilingi Isiyoshikika

Sisi wa Bariadi hatukuanza jana kubadilishiwa fedha. Babu alilipa kodi kwa rupia za Mjerumani, lakini utajiri wake aliuhesabu zizini. Mwingereza akaleta senti zenye tundu. 1966 ikaja shilingi yetu, ya Benki Kuu. M-Pesa ilipoingia nchini 2008, hata mchango wa mahari ukapita kwenye simu (ng'ombe bado wanatakiwa).

Mwaka 2021 aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, Florens Luoga, alitangaza maandalizi ya shilingi ya kidijitali. Januari 2023 Benki Kuu ikasema itakwenda hatua kwa hatua. Naafiki. Salio la simu hulindwa na amana katika benki za biashara. Shilingi ya kidijitali ingekuwa deni la Benki Kuu yenyewe, kama noti. Ila noti haihitaji mtandao. Wabunifu waanzie hapo: pamba imeshapimwa, mnunuzi yupo, mnara umezimika.