Setilaiti Uhuru na Nyota Zenye Wenzi

Wapo hapa Nyakabiga wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya soko tu, ya kupatana bei ya dagaa, wala hakina nafasi katika elimu ya juu. Mwalimu mwenzangu mmoja alinirushia neno hilo, nami nikamwuliza kama amepata kusikia habari za setilaiti iliyoitwa Uhuru. Hakupata.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, na warushaji walikuwa Waitaliano. Aliyekipa chombo jina la Kiswahili ni Bi Marjorie Townsend, msimamizi wa mpango huo, kwa kuwaheshimu wenyeji. (Sisi Warundi siku yetu ni 1 Julai, tangu 1962, lakini neno lenyewe halituhitaji mkalimani.)

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi moja tu: kupima mionzi ya eksirei itokayo angani, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Mwaka 1971 wataalamu wa Riccardo Giacconi walitambua kwamba chimbuko moja, Centaurus X-3, lilipiga kama mshipa wa damu, pigo moja kila sekunde 4.8. Lakini mapigo hayo hayakupishana sawasawa. Mtu akipiga ngoma kwa mwendo mmoja huku akitujia kwa gari la mbio, mapigo hutufikia yakiwa yamekaribiana. Akienda zake, huachana. Ndivyo ilivyokuwa huko, zamu kwa zamu, kila siku 2.1 hivi, na katika kila zamu chimbuko lilizimika kwa karibu nusu siku. Basi hapana budi lilikuwa likizunguka na nyota nyingine kubwa, na kujificha nyuma yake. Mwenzi huyo alijulikana kabla hajaonwa. Ni mwaka 1974 ndipo Wojciech Krzemiński alipomtambua kwa darubini.

Hesabu ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyowafikisha Aleksander Wolszczan na Dale Frail, mwaka 1992, kwenye sayari za kwanza kuthibitishwa nje ya jamii ya jua letu. Mapigo ya redio ya nyota iliyokufa yaliwahi na kuchelewa kidogo mno. Safari hii wenzi walikuwa sayari. Siku hizi wachunguzi wa sayari humtafuta kwanza nyota mwenzi, kwa sababu nuru yake ikichanganyika na ya nyota inayopimwa, sayari ipitayo mbele huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kazi ya Uhuru ilikoma Machi 1973, na Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya nne ya setilaiti hiyo ina machimbuko 339. Hata leo wanajimu wa Ulaya na Marekani huyataja mengi kwa jina linaloanza na 4U, na hiyo U ni ya Uhuru.