Hooligan: Jina walilobebeshwa Wairishi wa London

Mei 29, 2025 ilitimia miaka 40 tangu mashabiki 39, wengi wao Waitaliano, wafariki kwenye vurugu katika uwanja wa Heysel, Brussels, muda mfupi kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Kwa misiba kama ule, neno la Kiingereza "hooligan", yaani mkorofi mwenye fujo, limeng'ang'ania soka, hata wengi tukaamini limezaliwa viwanjani. Sivyo. Lilianza kuvuma katika mitaa ya walalahoi ya kusini mwa London.

Clarence Rook, katika kitabu chake cha mwaka 1899, The Hooligan Nights, anamtaja Patrick Hooligan, baunsa wa Kiairishi aliyeishi pande hizo. Anasimulia kuwa siku moja jamaa huyo alizozana na polisi, akamuua, akautupa mwili kwenye mkokoteni wa taka. Alifungwa maisha, na haikuchukua muda akafia kifungoni. Simulizi hii inanoga, lakini wapo wanaoipinga, wakisema neno lilitokana na wimbo wa kumbi za burudani uliokejeli familia ya Kiairishi yenye fujo. Upande wowote utakaoshinda, anayebebeshwa mzigo ni Mwairishi yule yule.

Yaliyolieneza ni magazeti. Sikukuu ya Agosti 1898 iliangukia kwenye joto kali, vijana wakazichapa mitaani, wengi wakaishia mahakamani. Geoffrey Pearson, aliyeandika historia hii mwaka 1983, anaonyesha jinsi waandishi walivyowachora: suruali za bugaluu, mikanda ya ngozi yenye bizimu nzito, nywele zimenyolewa na kuachwa kishungi usoni. Walisisitiza kuwa ukorofi huo si tabia ya Waingereza. Basi wakaupa jina la wageni! Huo ulikuwa uonevu, na magazeti hayakuwahi kuulipia.

Baadaye neno likafika Urusi na kuingia katika sheria kama jina la kosa. Mwaka 2012 wasanii wa kundi la Pussy Riot walifungwa huko kwa kosa hilo.

Watangazaji wetu wa michezo, chunguzeni kabla ya kulitamka neno hili. Mwaka 1989, baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough yaliyoua mashabiki wa Liverpool, polisi waliwatupia lawama mashabiki wenyewe, na gazeti la The Sun likazichapa tuhuma hizo ukurasa wa kwanza. Familia za marehemu zilihangaika hadi 2016, jopo la uchunguzi lilipotamka kuwa mashabiki hawakuwa na kosa.