Si Kila Kifaranga Anayesinzia Ana Kideri



Wengi mmenizoea kwa magauni ya harusi na mishono ya Idi. Leo naweka cherehani pembeni nizungumze kuku, kwa sababu hapa visiwani kwetu harusi na kuku haviachani. Bibi harusi akiwa fungate hupikiwa supu ya kuku wa kienyeji, mzazi aliye ndani ya arubaini naye hivyo hivyo, na mama mwenye binti aliyeposwa huanza kuhesabu kuku wake uani mapema.

Miaka michache nyuma nilinunua vifaranga 60. Nia yangu ilikuwa wakikua niwauze kwenye harusi za wateja wangu wa nguo. Wiki ya nne mmoja akajitenga, mabawa yameshuka, macho yamefumba. Kesho yake walikuwa watatu. Jirani yangu akachungulia bandani akaniambia, "Shoga, hicho kideri. Hakina dawa, usijisumbue." Nikasadiki, maana hata kwa bibi yangu, Allah amrehemu, kila kuku aliyekufa alikuwa kafa kwa kideri. Nikakaa nikitazama. Walibaki 11.

Baadaye mtaalamu wa mifugo aliniuliza, "Kinyesi chao kilikuwaje?" Nikamwambia kilikuwa na damu. Akatikisa kichwa. Hakikuwa kideri. Ilikuwa koksidiosi, ugonjwa wa kuhara damu, na dawa yake ipo, bei yake haifiki uzi na vifungo vya gauni moja. Ile hasara iliniuma mpaka nikaanza kusoma: haya maradhi yalijulikana lini, na nani aliyatenganisha? Nilichokipata ndicho ninachowaletea leo.

Kuku alikuja kwa bahari

Asili ya kuku ni kuku mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini Mashariki. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya kuku hapa hapa Unguja, katika mji wa zamani wa Unguja Ukuu, ya tangu karne ya 7 na ya 8 hivi. Waliikuta pamoja na mifupa ya panya weusi, wale wasafiri wa vyombo wasiolipa nauli. Kwa hiyo wanawake wa visiwa hivi wamefuga kuku kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Katika miaka yote hiyo, kifaranga akiugua alitibiwa kwa kilichokuwepo nyumbani. Bibi yangu alitumia shubiri, majani ya mwarobaini na pilipili kwenye maji. Kuku mkubwa akizidiwa aliwahiwa kwa kisu, kwani akifa mwenyewe ni mzoga na mzoga haulwi. Mimi simcheki bibi. Alikuwa akimtoa kifaranga mgonjwa kwa wenzake, akamweka ndani ya pakacha karibu na jiko, akamdondoshea maji mdomoni. Kumtenga, kumpa joto, kumpa maji: mambo haya matatu ndiyo wataalamu wanaanza nayo mpaka leo. Kilichompungukia bibi ni jina la ugonjwa.

Maradhi yalivyopata majina

Mwaka 1879 mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alianza kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiua kuku wengi, ukiitwa kipindupindu cha kuku. Alivikuza vijidudu vyake ndani ya supu ya kuku, supu hii hii tunayowapikia maharusi. Akaona kuwa vijidudu vilivyokaa muda mrefu hupungua nguvu, na kuku aliyedungwa hivyo dhaifu huja kustahimili vile vikali. Matokeo aliyatangaza mwaka 1880. Chanjo nyingi tunazowapeleka watoto wetu kliniki zimefuata njia iliyofunguliwa na yule kuku.

Mwaka 1899, Marekani, Leo Rettger alieleza ugonjwa wa vifaranga wachanga wanaoharisha nyeupe. Baadaye ikajulikana kuwa kuku mama hubeba vijidudu hivyo akavipitisha ndani ya yai, hivyo kifaranga anaweza kuanguliwa tayari mgonjwa.

Kideri chenyewe kiliandikwa mara ya kwanza mwaka 1926, kisiwani Java na pia karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Ndiyo sababu wazungu wanakiita kwa jina la mji ule. Kinasababishwa na kirusi, na hadi leo hakina dawa.

Halafu mwaka 1939, tena Marekani, P. P. Levine alionesha kuwa dawa ya jamii ya salfa inaweza kuzuia koksidiosi. Nilipofika hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Dawa ya ugonjwa ulioniulia vifaranga wangu ilianza kujulikana kabla hata mama yangu hajazaliwa, na mimi niliwatazama wakifa kwa sababu ya neno moja la jirani.

Kuhusu kideri nako Allah alileta faraja. Chanjo za zamani zilitaka ubaridi wakati wote, na sisi joto letu mnalijua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakatengeneza chanjo inayoitwa I-2, inayostahimili joto zaidi, na siku hizi inatengenezwa hata hapa Tanzania. Ni tone moja tu kwenye jicho la kuku mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi michache kama maelezo yake yanavyosema.

Tazama kwanza, kisha ndiyo useme jina

Ukimwona kifaranga anasinzia, mtoe kwa wenzake, muweke kwenye boksi kavu lenye joto na maji safi. Kisha chutama utazame kinyesi, usione kinyaa.

Kikiwa na damu, na vifaranga wana umri wa wiki tatu hadi sita, huenda ni koksidiosi. Uliza dawa kama amproliamu, uwape kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, banda zima na si mgonjwa peke yake. Ondoa maranda yaliyolowa, kwa sababu ugonjwa huu hustawi kwenye unyevu.

Kikiwa cheupe na kimeganda nyuma, na vifaranga ni wachanga wa siku chache mpaka wiki mbili au tatu, wapashe joto, wasafishe kwa maji ya uvuguvugu, na umwite mtaalamu. Wakifa wengi, shuku ule ugonjwa wa kwenye yai. Hata watakaopona usiwaweke kwa kuzalisha, kwani wanaweza kuubeba.

Ukiona kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda, na wakubwa kwa wadogo wanakufa kwa mkupuo, hapo ndipo useme kideri. Usipoteze hela kwa vidonge. Wafukie waliokufa, mjulishe bwana mifugo, na kundi lijalo lipate chanjo mapema.

Kama huna hakika, mchukue kifaranga umpeleke kwa mtaalamu siku ile ile. Kifaranga hasubiri.

Na sisi wenye dini tuna mawili zaidi. Ukitumia dawa, ngoja siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite ndipo uchinje au uuze, ili anayekula ale kilicho halali na kizuri. Na usimpeleke kuku mgonjwa sokoni ukamficha ugonjwa wake. Hiyo ni ghishi, na ndiyo njia ya kuhamishia msiba kwenye banda la mwenzio.

Sasa nina kuku wengine, 34, wamechanjwa wote. Jirani yangu naye alikuja mwezi uliopita na kifaranga mkononi, akasema, "Shoga, hiki kideri." Nikamwambia, "Tuone kinyesi kwanza." Tukakitazama pamoja, kilikuwa na damu. Yule kifaranga alipona, alhamdulillah, na wenzake karibu wote.

Wassalaam, tukutane wiki ijayo kwenye mishono.