Mama Mjamzito na Haki ya Kudai: Bujumbura tangu Sheria ya 1888

Shangazi yangu wa Buyenzi alikuwa na mimba ya miezi minane alipoanza kuumwa kichwa, kuvimba miguu na kuona ukungu. Zahanati ilimwambia ni malaria, ikampa vidonge, akarudi nyumbani. Siku ya tatu alianguka akitetemeka mwili mzima: kilikuwa kifafa cha mimba. Yeye alipona, mtoto hakupona. Wazee walisema ni mipango ya Mungu, na hakuna aliyetaja sheria. Ndipo nikajiuliza: mama wa Bujumbura aliyekosewa ana njia gani ya kudai, na njia hiyo ilitoka wapi?

Njia ni ya zamani kuliko mji wenyewe tunavyoujua. Amri ya 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo ya Leopold II, ilisema katika kifungu cha 258 kwamba anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima amfidie. Kifungu cha 260 kikamwajibisha mwajiri kwa kosa la mtumishi wake kazini. Baada ya Ubelgiji kuiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala mwaka 1925, sheria za Kongo zilianza kutumika hata Usumbura, na kanuni hiyo ikabaki baada ya uhuru wa 1962. Pamoja na madai ya fidia, kuna njia ya jinai, kwa kuwa kumuua au kumjeruhi mtu kwa uzembe ni kosa.

Lakini mlango wa mahakama haukuwa na maana kwa mtu aliyefungiwa hospitalini. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, mgonjwa alitakiwa kulipia matibabu, na waliojifungua kwa upasuaji wakashindwa kulipa walizuiliwa wodini pamoja na vichanga vyao. Nani angemshtaki daktari ilhali yeye mwenyewe anadaiwa? Tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua kutakuwa bure. Deni likaondolewa, uwajibikaji haukutangazwa.

Jirani zetu wa Uganda wanatuonyesha hatua iliyofuata. Mwaka 2011, mama mmoja alifariki katika hospitali ya wilaya ya Nakaseke kwa kupasuka mfuko wa uzazi. Familia yake, ikisaidiwa na shirika la CEHURD, iliishtaki wilaya. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamuru fidia ya shilingi milioni 35 za Uganda. Kilichowapa ushindi ni kuthibitisha kwamba daktari wa zamu hakuwepo alipohitajika. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Burundi, ila inafundisha kwamba kesi ya namna hii husimama juu ya ushahidi.

Nilipokiomba cheti cha kliniki cha shangazi, nilikuta tarehe, uzito na jina la dawa ya malaria. Mahali pa shinikizo la damu hapakuandikwa kitu. Kwa mwanahistoria, nafasi tupu nayo ni ushahidi: kipimo ambacho kingeuonyesha ugonjwa hakikuandikwa. Ni juu ya daktari mwingine kueleza uzito wa pengo hilo, na ni juu ya wakili kulifikisha kwa hakimu. Shangazi bado hajaamua kama atadai. Cheti chake tumekitolea nakala mbili.